Televisheni ya Kutazamwa Kutoka Mkekani

Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili jioni, siku ya Alhamisi, simu ya mke wangu iliita jikoni. Najua dakika kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya mita ya umeme nikiandika yuniti zilizobaki, kazi ninayoifanya kila Alhamisi tangu tuhamie Mkuza, na saa ndicho kitu cha kwanza ninachoandika.

Aliyepiga alikuwa mdogo wa mke wangu, kitindamimba wa mama yao, golikipa wa timu ya wanawake ya mkoa wa mbali. Mke wangu alikuwa na unga mikononi, akaiweka simu kwenye spika.

"Dada, nimepangwa. Siyo Jumamosi hii, inayofuata. Kipa wa kwanza kaumia kidole."

"Umepangwa kuanza, au kukaa benchi umevaa glovu?"

"Naanza. Na mechi itaonyeshwa mubashara kwenye intaneti. Mwambie mama."

Nilimsikia mke wangu akivuta kiti cha jikoni na kukaa.

Mama mkwe wangu anaishi Kisarawe, kwenye shamba la mihogo na mikorosho michache aliloachiwa na marehemu mumewe. Huyu binti yake wa mwisho alianza kudaka mpira wakati mama tayari ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mwanzoni mama alimkatalia kabisa. Baadaye akanyamaza, kisha akaanza kuuliza matokeo. Kwa miaka sita amekuwa mtu wa kusimuliwa: leo kafungwa mawili, leo kaokoa penalti, leo kapewa kadi. Mwezi mmoja kabla ya simu ile alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa alimtazama mke wangu kwa muda mrefu, akamwambia kwamba amenenepa. Halafu akasema kuwa sasa anataka kumwona yule mwingine akiwa kazini kwake.

Tulijaribu kumwonyesha mechi ya zamani kwenye simu. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha. "Naona sisimizi," alisema. "Mwanangu ni sisimizi yupi?"

Kwenda naye uwanjani kulimaanisha siku nzima ya basi na vumbi, na daktari alikuwa amekataza. Televisheni yetu ya nyumbani ilikuwa ya inchi thelathini na mbili, na juu yake wachezaji walikuwa sisimizi walioshiba kidogo. Tulikuwa na siku tisa.

Sikuanzia sifuri. Nyumbani kwetu, mtu yeyote anayetaka kitu kinachozidi shilingi elfu hamsini anaandika barua, nami naijibu kwa maandishi. Miezi miwili nyuma binti yangu mkubwa, wa kidato cha tatu, aliniandikia barua yenye kichwa "YAH: MAOMBI YA TELEVISHENI KUBWA KWA MATUMIZI YA FAMILIA". Ilikuwa na hoja nne. Ya tatu ilisema kwamba kwenye gemu la mpira yeye na mdogo wake wanaigawa skrini ile katika nusu mbili, na katika nusu hiyo "mwombaji haoni mpira ulipo, hivyo anafungwa kwa uonevu". Nilijibu kwamba maombi yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Nikanunua daftari.

Sina shule ya mambo haya. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kusimamia mizani ya malori kule Kwala. Lakini napenda kukielewa kitu kabla ya kukinunua, na katika miezi miwili nilikuwa nimesoma miongozo ya televisheni mpaka naota maneno yake. Ukurasa wa kumi na moja wa daftari lile niliandika kwamba vioo vya televisheni viko vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ina weusi wa kweli, usiku wa kwenye filamu unakuwa usiku. Ila ukikaa ubavuni picha inapauka. Ya pili weusi wake umechanganyika na kijivu kidogo, lakini unaweza kuitazama kutoka upande wowote. Pembeni ya mstari wa kupauka niliandika kwa kalamu nyekundu: *Haituhusu. Wote tunakaa mbele.*

Usiku wa simu ile niliwasomea barua ya majibu wakati wa chakula. Maombi yamekubaliwa. Binti mkubwa aliweka kijiko chini, mdogo wake wa darasa la tano akazunguka meza mara mbili akikimbia, na mke wangu akaniuliza kama barua hiyo ina muhuri.

Kesho yake, Ijumaa, tulitengeneza televisheni ya boksi. Hapo ndipo furaha yenyewe ilipoanza. Nilitaka tujue inchi sabini na tano ni kitu gani hasa ukutani, maana dukani kila kitu ni kidogo kwa sababu duka ni kubwa. Nilileta maboksi matupu manne, nikanunua gundi ya elfu nne, na wanangu wakapima: upana sentimita mia moja sitini na sita, urefu tisini na tatu. Tulilipaka masizi ya sufuria likawa jeusi, tukalitundika kwa misumari miwili.

Mke wangu alitoka chumbani akasimama akiwa ameshika kiuno.

"Baba watoto, hii ni televisheni au mlango wa stoo?"

"Ndiyo ukubwa wake."

"Na mimi picha ya harusi yangu inakwenda wapi?"

Picha ya harusi ilihamia ukuta wa pili. Tulikaa kwenye viti, wote wanne, tukalitazama boksi jeusi kwa dakika tano nzima. Sijui kueleza vizuri, lakini sebule ilikuwa imebadilika. Binti mdogo alitangaza mpira wa kubuni kwa sauti ya redio, na dada yake akamlalamikia refa. Nilipima kutoka ukutani hadi kichwa cha anayekaa kwenye kochi: mita mbili na sentimita themanini, umbali mzuri kwa kioo cha ukubwa ule. Nilichora sebule kwenye daftari, viti vyote sita, kila kiti na umbali wake.

Jioni jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipiga hodi.

"Nimeambiwa na watoto huku mmefungua sinema."

"Karibu mwalimu, shikamoo. Bado haijawaka."

"Marahaba." Aliingia, akalitazama boksi, akalikaribia, akaligusa kwa kidole. Kidole kikatoka na masizi. "Picha yake nzuri," alisema. "Tatizo lake ni kwamba inachuja rangi."

Jumamosi nilikwenda Maili Moja na binti mkubwa, yeye amebeba mashine yake ya gemu kwenye begi la shule, mimi na daftari, futi ya kupimia na flashi yenye picha nilizoziandaa. Duka lilikuwa na televisheni ishirini hivi, zote zinawaka, zote zinaonyesha samaki wa rangi wakiogelea. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alitupokea vizuri.

"Karibu mzee wangu. Hizi zote ni moto. Unachukua ipi?"

"Kwanza naomba uitoe kwenye mpangilio wa dukani."

Televisheni za dukani huwekwa mwanga mkali na rangi zilizotiwa chumvi ili zishindane na taa za duka. Alinitazama, akachukua rimoti, akahangaika, na samaki wakarudi kuwa samaki wa kawaida.

"Sasa naomba uzime taa za upande huu."

"Mzee, unataka kununua TV au unataka kutuibia?"

"Nataka kuona weusi."

Alizima. Niliweka flashi yenye picha nyeusi tupu. Katika televisheni moja ya inchi sabini na tano weusi ulikuwa mzito kiasi kwamba binti yangu alidhani imezimika. Nilihisi moyo wangu ukienda mbio, na sioni haya kusema hivyo. Kitu nilichokisoma kwenye karatasi kwa miezi miwili kilikuwa mbele yangu, na kilikuwa kweli.

Zamu ya binti ikafika. Alichomeka mashine yake, akakaa juu ya boksi la jokofu na kuanza kucheza. Nilipiga video ya vidole vyake na kioo kwa pamoja kwa kamera ya simu iliyopunguzwa kasi, ile inayochukua picha mia mbili na arobaini kwa sekunde moja. Ukiirudisha nyuma, unahesabu picha kati ya kidole kubonyeza na mchezaji kupiga mpira. Kwenye mpangilio wa kawaida tulihesabu arobaini na tatu. Tulipowasha mpangilio wa gemu zikawa ishirini na mbili.

"Nusu, baba," alisema binti. "Yaani siku zote nilikuwa nafungwa na TV."

"Dada, hata mimi nikifungwa nasemaga hivyohivyo," alisema muuzaji. Akaomba acheze kidogo. Akafungwa nne bila, wateja wawili wakiwa wamesimama nyuma yake wanamcheka.

Bei iliandikwa milioni mbili laki sita na nusu. Tulisukumana mpaka milioni mbili laki nne na elfu themanini. Niliacha laki tatu ya kuishikilia, iliyobaki nitalipa Ijumaa nikija kuichukua.

Jumapili tulikwenda Kisarawe kumwalika mama mkwe. Hapa nieleze jambo moja. Nimeoa miaka kumi na minane iliyopita, na katika miaka hiyo sijawahi kukaa na mama mkwe kiti kimoja, wala uso kwa uso. Ndivyo walivyolelewa kwao, nami nilipokelewa humo. Ninapoingia nainama, natoa shikamoo kutoka mlangoni, naitikiwa, kisha kila mmoja anakaa upande wake na maneno yanapita kwa mtu wa tatu. Hakuna ugomvi hata kidogo. Kila msimu wa korosho mfuko wangu unatengwa wa kwanza.

Siku hiyo mtu wa tatu alikuwa binti mdogo. Bibi alikuwa barazani anamenya mihogo, amevaa miwani ya giza ya hospitali, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, dirisha likiwa wazi.

"Mwambie baba yako, hiyo televisheni ni kubwa kiasi gani?"

"Baba, bibi anauliza..."

"Mwambie kubwa kama mlango uliolala."

"Bibi, kubwa kama mlango umelala."

Kisu kilisimama kwenye muhogo. "Basi nitamwona na vidole." Akaendelea kumenya. "Mwambie nakuja Jumatano. Alhamisi nina kliniki huko Kibaha, nikitoka hapo nasubiri mpira wangu. Na asihangaike na kiti. Mimi nitakaa palepale pangu."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, sikuyaelewa. Nilikuwa nawaza kamba za kufungia televisheni kwenye gari.

Wiki ile nilipima kasi ya intaneti asubuhi, mchana na saa kumi jioni, saa ambayo mechi ingeanza. Saa kumi ilishuka, lakini ilibaki zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika. Nilinunua kifaa cha kukinga televisheni na umeme unaopanda na kushuka. Kila jioni wanangu walikaa mbele ya boksi wakibishana nani atakaa wapi.

Mama mkwe aliwasili Jumatano saa tisa alasiri, na kuku mmoja na mfuko wa mihogo. Nilimsalimia kutoka mlango wa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hamjambo humu?"

Hayo mawili ndiyo tunayoambiana moja kwa moja. Aliingia sebuleni, akainua miwani na kulitazama boksi ukutani. Wanangu walizibana midomo.

"Ndiyo hii mliyonunua?"

"Ndiyo, bibi," alisema mdogo, akijitahidi.

"Mwambieni baba yenu amelaliwa bei."

Mke wangu alicheka mpaka akaegemea friji. Mama mwenyewe alicheka, akavua viatu, akatandika mkeka wake pale anapokaa siku zote akija kwetu: kando ya mlango wa korido ya kwenda jikoni, mgongo ukutani, miguu imenyooka, ubavu wake ukiwa upande wa viti vyetu.

Nikamwona amekaa pale, boksi liko kushoto kwake, analitazama kwa mshazari. Nilifungua daftari kwenye mchoro wa sebule. Viti sita, kila kimoja na umbali wake. Mkeka haukuwemo. Nilikuwa nimechora samani, na mkeka hautandikwi mpaka aje mwenyewe. Mtu ambaye kwa ajili yake ununuzi wote huu ulikuwa unafanyika hakuwa na nafasi kwenye ramani yangu, na ukurasa wa kumi na moja ulisema kwa kalamu nyekundu: haituhusu.

Alipokwenda uani kutia udhu nilikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Kutoka ukuta wa televisheni ni mita moja na sentimita thelathini. Kwenda pembeni kutoka katikati ya boksi, mita mbili na sentimita kumi. Nilichukua kipimapembe kwenye mkebe wa binti mkubwa na uzi wa kushonea. Pembe ilitoka nyuzi hamsini na nane.

"Baba," alisema binti mkubwa, amesimama juu yangu, "kwa nini umekaa kwa bibi?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Si tumwambie ahamie kwenye kochi?"

Mke wangu alijibu kutoka jikoni. "Mwambie wewe. Mimi mama yangu namjua. Ukimwambia akae kwenye kochi na baba yenu yupo, atasema sawa, kisha Jumamosi asubuhi atakumbuka kuna mbuzi anaumwa Kisarawe."

"Basi baba akae jikoni."

"Naye akijua baba amefukuzwa sebuleni kwake kwa ajili yake, mbuzi atakuwa amekufa kabisa."

Tuligeuza viti kwenye karatasi mara tatu. Ukuta mwingine una dirisha, mwingine una mlango. Ukiuhamisha mkeka, yeye anakuwa ama mbele ya macho yangu, ama anaziba mlango. Televisheni ilibidi imfuate yeye.

Alhamisi mke wangu alimpeleka kliniki. Ijumaa saa tatu asubuhi mimi na binti mkubwa tulikuwa Maili Moja kabla mlango wa duka haujafunguliwa, yeye na begi lake, mimi na kipimapembe na uzi. Muuzaji alitufungulia huku anatabasamu, televisheni yetu ikiwa imeshatolewa stoo.

"Mzee, mali yako hii. Leta gari tu."

"Naomba uiwashe ya maonyesho. Iweke mpira."

Nilipima nyuzi hamsini na nane kutoka katikati ya kioo, nikaweka daftari sakafuni kama alama, nikakaa chini, miguu imenyooka. Binti akakaa kando yangu. Wateja walianza kutuzunguka.

"Sasa mzee," alisema muuzaji, "TV inatazamwa mbele. Ubavuni namna hiyo ni kama mtu anachungulia mtihani."

Nilikuwa naangalia. Ule weusi mzito ulikuwa umegeuka majivu. Nyasi zilikuwa nyeupe-nyeupe kama zimefunikwa ukungu, na golikipa aliyevaa kijani alikuwa amepotea ndani yake. Shemeji yangu alikuwa ametuambia kwamba Jumamosi angevaa kijani.

"Simwoni kipa," alisema binti yangu taratibu.

Tulikaa sakafuni mbele ya televisheni sita, moja baada ya nyingine, kwa nyuzi zilezile. Muuzaji aliacha utani. Kwenye ya nne alikuja akakaa chini na yeye, akainamisha kichwa, akasema, "Kumbe. Miaka mitatu nauza hizi sijawahi kukaa hapa." Akainuka mwenyewe kutuletea iliyokuwa nyuma ya friji. Ilikuwa ya inchi sitini na tano. Alipoiwasha, nyasi zilikuwa za kijani na kipa alikuwa wa kijani kingine, na ungeweza kumfuata kwa kidole. Nilipiga goti nikasogea mpaka nyuzi sabini. Bado alikuwepo.

Shida yake kubwa ilikuwa moja, na haikuwa yangu. Ilikuwa ndogo kwa inchi kumi, na mwenye barua ya maombi alikuwa amekaa wiki nzima mbele ya boksi la sabini na tano. Weusi wake pia ulikuwa wa kijivu kidogo. Nilimwachia aseme.

Alichomeka mashine, akawasha mpangilio wa gemu, tukapiga video, tukahesabu. Ishirini na tatu.

"Picha moja zaidi," nilisema.

"Nasikia." Alifikiri kidogo. "Baba, hiyo naweza kuimudu. Nitasogeza kiti mbele. Bibi hawezi kusogeza ukuta."

Muuzaji alikubali ile laki tatu ihamie huku. Bei tuliyofikia ilikuwa milioni moja laki nane na elfu arobaini. Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, kilitubeba mpaka Mkuza, binti akiwa nyuma ameikumbatia televisheni kama mgonjwa. Nyumbani tulilipunguza boksi kwa wembe mpaka likawa la sitini na tano, tukalitumia kutafuta mahali pa kutoboa, kisha fundi akatoboa. Saa kumi na mbili jioni ilikuwa inawaka. Mama mkwe aliitazama kutoka mkekani, akafunga jicho la kushoto, akalifungua.

"Mwambie baba yako," alimwambia mdogo, "sasa hii ni televisheni. Ile ya jana mrudishieni mwenyewe."

Jumamosi saa kumi kasorobo jirani yetu mwalimu alikuwa ameshafika na kiti chake mwenyewe. Intaneti ilishika. Timu zilitoka zimepanga mistari miwili, na wa mwisho katika mstari wa kulia alikuwa mrefu, amevaa kijani.

"Yule?" aliuliza mama mkwe.

"Yule, mama," alisema mke wangu.

"Yule wa kijani?"

"Ndiye."

Mpira ulianza, na kila ulipokwenda upande wa pili wa uwanja aliguna, kwa sababu binti yake alikuwa anatoka kwenye picha. Kipindi cha kwanza wenzake walipata bao. Kipindi cha pili shemeji yangu alidaka krosi mbili, akatema mpira mmoja akauwahi. "Mikono ya sabuni," alisema mama kwa sauti ndogo, na mwalimu akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nautazama mkeka zaidi kuliko mpira. Alikuwa anaona. Kidole chake juu ya goti kilikuwa kinamfuata mtu wa kijani, kushoto, kulia.

Dakika ya themanini na moja refa aliwapa wapinzani penalti. Kamera ikamsogelea golikipa mpaka uso wake ukajaa kioo chote: jasho, kovu la utotoni juu ya nyusi, mdomo unaosema kitu peke yake.

"Uso wa baba yake," alisema mama mkwe.

Akasimama. Akaukanyaga mkeka, akapita katikati ya sebule, akafika mbele ya televisheni, hatua moja tu kutoka kwenye kioo, na akainua mkono kama anataka kulifuta lile jasho. Kisha kamera ikarudi nyuma na uwanja ukaonekana wote, naye akarudi kinyumenyume bila kuondoa macho, mpaka nyuma ya magoti yake pakagusa kochi kubwa, akakaa. Alikaa kando yangu. Kati yetu hapakuwa na nafasi ya mtoto.

Mke wangu alinitazama. Niliinuka taratibu, nikapita nyuma ya viti, nikaketi kwenye mkeka kando ya mlango wa korido, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Mpigaji alirudi hatua nne. Kutoka pale niliona nyasi za kijani na mtu wa kijani kingine kwenye mstari, na mpira mweupe, vyote wazi. Alipiga kushoto. Shemeji yangu aliruka kushoto, mpira ukagonga vidole vyake, ukagonga mlingoti, ukatoka nje.

Sikumbuki nani alipiga kelele. Nakumbuka mwalimu amesimama juu ya kiti chake, na wanangu wamelala juu ya bibi yao, na yeye akiwasukuma kwa sababu wanamziba.

Halafu aligeuka. Aligeuka kunitazama mimi, kule mkekani, na hakumtafuta mtu wa kupitisha maneno.

"Mkwe wangu, umemwona?"

"Nimemwona, mama. Hapa kwako panaonekana vizuri kabisa."

Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye mpira wake, na hakuhama kwenye lile kochi mpaka filimbi ya mwisho. Usiku huo nilifunga daftari. Ile ya inchi sabini na tano ingenigharimu milioni mbili laki nne na elfu themanini. Niliyonunua ni milioni moja laki nane na elfu arobaini. Ukitoa gundi ya televisheni ya boksi, nilichookoa ni shilingi laki sita na elfu thelathini na sita.